Mawe ya Mpaka: Mwongozo kwa Mwenye Shamba au Kiwanja Anayekusudia Kupimiwa Ardhi Yake

Wako watu wengi katika Tanzania Bara wanaoishi na kulima juu ya ardhi ambayo haijapata kuguswa na chombo cha mpima, na shahada yao ya umiliki ni maneno ya wazee, miti iliyopandwa mpakani, na pengine karatasi ya mauziano iliyotiwa saini mbele ya mashahidi na kupigwa muhuri wa serikali ya mtaa. Desturi hiyo haifai kudharauliwa, kwani ilikuwa na adili yake: huko Uchagani masale yaliyopandwa baina ya kihamba na kihamba yaliheshimiwa na koo zote mbili, na huku pwani safu ya minyaa au mnazi uliosimama pembeni ulitosha kumkumbusha kila mtu mwisho wa jembe lake. Lakini miti hukatwa, wazee hufariki wakaenda na ushahidi wao, vijana huuza vipande kwa wageni wasioijua habari ya mti wala ya mzee, na ardhi ambayo jana hakuna aliyeigombea, ikipitiwa na barabara, hugeuka kuwa chanzo cha fitina baina ya ndugu wa tumbo moja. Hapo ndipo kila mtu anaposema: na tupimiwe.

Ni shauri jema, na makala haya yameandikwa ili kulitia nguvu. Ila sharti msomaji ajue tangu mwanzo jambo moja ambalo ndilo shina la mwongozo huu wote, nalo ni kwamba kipimo hakimpi mtu haki asiyokuwa nayo. Kazi yake ni kuiandika bayana haki ambayo imekwisha kutambuliwa na majirani waliomzunguka na mamlaka zilizo juu yake. Kwa hiyo sehemu iliyo kubwa ya kazi ya kupima ni yako wewe mwenye ardhi: iko kabla mpima hajafika, na iko baada ya yeye kuondoka.

Kipimo na haki ni mambo mawili

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi, Namba 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5, zote mbili za 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, ardhi yote ni ya umma, na imewekwa mikononi mwa Rais awe mdhamini kwa niaba ya raia wote. Anachomiliki mtu ni haki ya kuikalia na kuitumia, ama kwa hati inayotolewa kwa muda maalumu, ambao aghalabu ni miaka 33, 66 au 99, ama kwa haki ya kimila, ambayo katika ardhi ya kijiji yaweza kudumu pasipo ukomo. Mpima hana mamlaka ya kukupa haki yoyote katika hizo. Yeye huweka alama, hupima masafa na pembe, hukokotoa eneo na kuchora ramani. Anayemilikisha ni mamlaka ya ardhi, baada ya kuridhika kwamba ardhi ile ni yako kweli na kwamba matumizi unayoyataka yanaafikiana na mpango wa mahali pale.

Kutokana na kuchanganya mambo hayo mawili huzuka ghalati mbili. Ya kwanza ni ya mnunuzi anayeonyeshwa mawe ya mpaka yaliyo mapya, akadhani kwamba maadamu kiwanja kimepimwa, basi aliye mbele yake ndiye mwenyewe, ilhali jiwe halisemi limewekwa kwa ajili ya nani, na kipande kimoja kilichopimwa chaweza kuuzwa kwa watu watatu mchana kweupe. Ya pili ni ya mwenye ardhi anayetishwa kwamba asipopima leo, kesho ardhi yake si yake. Maneno hayo hayana asili, kwani haki ya kimila iliyopatikana kwa njia ya halali inatambuliwa na sheria hata pasipo hati. Anachokosa mwenye nayo ni wepesi wa kuithibitisha mbele ya benki, mbele ya mnunuzi, na mbele ya baraza.

Kabla ya kumwita mpima

Anza na nyaraka. Kusanya karatasi ya mauziano, barua ya kugawiwa ardhi na kijiji, risiti za kodi na kila andiko lingine linalokutaja wewe pamoja na ardhi hiyo, uzitie katika jalada moja. Maana wahenga waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, hawakukusudia mali ya dukani peke yake. Ikiwa ardhi ni ya urithi, usiipime kwa jina lako kabla mirathi haijafunguliwa mahakamani na msimamizi wake hajateuliwa, na katika kugawana usiwasahau dada zako wala mjane wa marehemu, kwani Sheria ya Ardhi imempa mwanamke haki iliyo sawa na ya mwanamume katika kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na mawe yaliyowekwa kwa kumdhulumu mjane aghalabu huishia barazani baada ya gharama zote kwisha kulipwa.

Kisha nenda katika ofisi ya ardhi ya halmashauri yako, ukaulize kama eneo lako limo katika mchoro wa mipango miji, na kama limo, limepangiwa matumizi gani. Mjini hakuna kiwanja kinachopimwa kwa matakwa ya mwenyewe peke yake. Kwanza huwapo mchoro ulioidhinishwa, na mpima huufuata. Mtu aliyejenga mahali palipotengwa kuwa shule, soko au uwanja wa wazi hawezi kuokolewa na mpima yeyote, hata awe hodari namna gani. Tazama vilevile mipaka ambayo sheria imekwisha kuiweka pasipo kukuuliza: Sheria ya Barabara ya 2007 imetenga hifadhi ya mita 60 kwa barabara kuu na za mkoa, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa, bwawa au mto. Ni afadhali kuyajua hayo wakati ungali na fedha mkononi kuliko kuyasoma ukutani mwa nyumba yako, yameandikwa kwa rangi nyekundu.

Jambo la tatu ni ukubwa. Vijijini ekari imezoeleka kuwa hatua 70 kwa hatua 70, na hesabu hiyo ina msingi wake, kwa kuwa hatua ikiwa sawa na yadi moja, mraba wa hatua 70 hukaribia sana ekari halali, ambayo ni takriban mita za mraba 4,047. Lakini ni wachache wanaotembea kwa hatua ya yadi nzima. Mtu mwenye hatua ya sentimita 75, akihesabu 70 kila upande, atakuwa amezunguka mita za mraba 2,756 tu, yaani theluthi mbili na ushei ya ekari aliyolipia. Kwa sababu hiyo mpima akikuletea hesabu iliyo pungufu ya ile uliyoambiwa na muuzaji, usikimbilie kumtuhumu. Uliza kwanza ni miguu ya nani iliyopima shamba siku ya kununua.

La nne, na ndilo lililo kubwa, ni majirani. Kabla hujalipa senti moja, waite wote mnaopakana nao, mmoja baada ya mmoja, pamoja na mzee anayezijua habari za zamani na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, mtembee mpaka wote kwa miguu kutoka pembe hadi pembe, na kila mlipokubaliana pigeni kigingi cha muda. Palipo na hitilafu, simameni hapo mpaka mwisho wake ujulikane; na ikiwa jambo la kugombewa ni mita moja ya majani, pima kwa insafu kama mita hiyo ina thamani ya miaka ya kesi na uadui wa jirani utakayemhitaji usiku wa msiba. Mkimaliza, andikeni mliyokubaliana, kila mmoja atie saini au dole gumba, na nakala ibaki katika ofisi ya mtaa au kijiji. Karatasi hiyo ya ukurasa mmoja imewaepusha wengi na udhia ambao chombo chochote cha upimaji kisingeweza kuuondoa.

Kumchagua mpima na kuandikiana naye

Upimaji unaokubalika kisheria hufanywa na mpima wa serikali, au na mpima binafsi aliyesajiliwa na kupewa leseni. Kuwa na kifaa begani hakumfanyi mtu kuwa mpima, kama vile kuwa na kanzu nyeupe hakumfanyi mtu kuwa tabibu. Kwa hiyo omba kuiona leseni, ulizia jina lake katika ofisi ya ardhi ya halmashauri, na uwaulize watu ambao amewapimia si kama aliweka mawe, maana mawe kila mmoja huweka, ila kama ramani zao zilipata idhini.

Swali hilo la mwisho lina uzito wake. Katika kazi za urasimishaji wa makazi wako wananchi waliochangishana fedha mtaa mzima, wakaona vijana wakipita na vyombo na vigingi vikipigwa, kisha miaka ikapita wasiione ramani wala hati, kwa sababu fedha yote ilikwisha kulipwa na hapakuwa na andiko lililosema kazi itakwisha lini na itahesabika imekwisha kwa dalili gani. Andikianeni basi kinaganaga: mawe mangapi yatawekwa na ya namna gani, nani atalipa ada za serikali na nani atalipa saruji na vibarua, nani atafuatilia idhini ya ramani, na fedha italipwa kwa mafungu mangapi. Fungu la mwisho, wala lisiwe dogo, lilipwe siku utakapokabidhiwa nakala ya ramani iliyoidhinishwa. Ada zinazokwenda serikalini zilipe mwenyewe kwa namba maalumu ya malipo ya serikali, uhifadhi risiti yake, wala usimpe mtu fedha taslimu kwa ahadi ya kukulipia.

Tena ni jambo la busara kupima kwa umoja. Mpima akija kwa ajili ya kiwanja kimoja, huna budi kubeba peke yako gharama ya safari na ya kuleta vipimo kutoka katika alama za msingi. Wakija majirani 20 kwa pamoja, mzigo huo hugawanyika, na zaidi ya hayo mpaka mmoja hupimwa mara moja mbele ya wenyewe wawili, na njia za kupita hutengwa kwa makubaliano ya wote pasipo mmoja kubeba hasara peke yake.

Siku ya kupima

Siku hiyo uwepo mwenyewe. Usimtume mtoto, usimwachie mlinzi, na waombe majirani zako wawepo, kwani saini ya makubaliano na macho ya kushuhudia jiwe likiwekwa ni mambo mawili, na yote mawili yana faida. Tangulia kufyeka mpakani ili mpima aone kutoka pembe moja hadi nyingine, na fahamu kwamba hataanza na shamba lako. Ataanza na alama za msingi zilizokwisha kuwekwa na kujulikana mahali pake, kisha ataleta vipimo hadi kwako, ili kiwanja chako kiwe na mahali pake halisi katika ramani ya nchi, kisije kikapandana na cha mwingine. Namba zinazotaja mahali pa kila jiwe huitwa kodineti, na kwa namba hizo jiwe likipotea laweza kurudishwa palepale.

Wako wanaodhani kwamba simu ya mkononi yatosha. Simu ikiwa mahali peupe hukosea kwa kadiri ya mita 5, na katika kiwanja cha mita 20 kwa 20 ukanda wa mita 5 ni mita za mraba 100, ambazo ni robo nzima ya kiwanja. Vyombo vya mpima, vya kupokea mawimbi ya setilaiti na vya kupima pembe na masafa, hukosea kwa sentimita. Tumia simu kulitafuta shamba lako, usiitumie kulikata.

Jiwe lenyewe litazame kwa makini. Huchimbwa shimo, katikati husimamishwa chuma, kisha humiminwa zege mpaka usawa wa ardhi au juu kidogo, na kabla zege halijakauka huandikwa juu yake herufi na namba. Kitovu cha kile chuma ndicho mpaka, wala si ukingo wa zege, na fundi wa ukuta asiyelijua hilo huweza kukuingiza katika ardhi ya mwenzio kwa upana wa tofali zima. Nakili namba ya kila jiwe, lipige picha pamoja na kitu kisichohama kilicho karibu, na uandike masafa kutoka jiwe hadi pembe ya nyumba au shina la mwembe.

Kwa wakazi wa milimani, kama vile Usambara na Uluguru, liko jambo moja la kutahadharishwa. Eneo linaloandikwa katika ramani ni lile la usawa wa bapa, mfano wa kivuli cha shamba jua likiwa utosini. Kamba iliyolazwa juu ya mteremko wa nyuzi 30 ikasoma mita 100, katika ramani itakuwa mita 86 na ushei. Hakuna aliyekuibia, ndiyo kanuni ya upimaji duniani kote.

Baada ya mpima kuondoka

Hapo wengi hulala, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Mpima sharti akamilishe hesabu, achore ramani, na kuiwasilisha ikaguliwe na kuidhinishwa kwa mamlaka ya Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani, ambapo hupewa namba ya usajili. Kabla ya idhini hiyo mawe yako ni mawe tu. Idhini ikipatikana, kiwanja huwa na namba na kitalu, na ndipo uombapo kumilikishwa katika ofisi ya ardhi, ukilipa ada zake, mpaka hati isajiliwe na Msajili wa Hati.

Hati ikifika mkononi, isome papo hapo herufi kwa herufi. Jina lifanane na la kitambulisho chako. Namba ya kiwanja, jina la kitalu na ukubwa vifanane na ramani. Matumizi yawe yale uliyoyaomba. Na ikiwa ardhi mmeichuma wawili, mume na mke, yaandikwe majina ya wote wawili. Kosa la herufi moja hurekebishwa kwa wepesi siku ile, na kwa taabu kubwa baada ya mwenye jina kufariki. Kisha kumbuka kwamba hati huja na masharti, la kwanza likiwa kodi ya pango la ardhi ya kila mwaka, na asiyeyatimiza aweza kunyang'anywa milki yake kwa utaratibu wa sheria.

Katika ardhi ya kijiji

Kijijini njia ni nyingine. Kwanza mipaka ya kijiji chenyewe hupimwa na kijiji kikapata cheti chake cha ardhi, na hupangwa matumizi ya ardhi: hapa makazi, hapa mashamba, hapa malisho, hapa msitu na chanzo cha maji. Ndipo mashamba ya watu huhakikiwa moja moja, mwenyewe akisimama na majirani zake mbele ya kamati ya kijiji, na anayekubaliwa hupewa hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo kumbukumbu yake hutunzwa katika masjala ya ardhi ya kijiji na ya wilaya. Hati hiyo ni hati kamili mbele ya sheria. Uhakiki ukifika kijijini kwenu usiwe safarini. Na kama huna budi kusafiri, mwachie mtu andiko la kukuwakilisha, kwani shamba lisilo na mtu wa kulisemea siku ile hupata wasemaji wasiotakiwa.

Kuyalinda mawe na kumaliza hitilafu

Kung'oa au kuhamisha jiwe la mpaka ni kosa la jinai, hata kama jiwe limo uani mwako. Likivunjwa na trekta au kuchukuliwa na mmomonyoko, usilirudishe kwa kukisia. Toa taarifa ofisi ya ardhi, na mpima alirudishe kwa zile kodineti. Kagua mpaka wako japo mara moja kwa mwaka, hasa baada ya masika, na ukimwona mtu ameanza kujenga ndani yake, sema siku ileile kwa maandishi, kwani ukimya ni hatari: sheria ya ukomo imeweka miaka 12 ya kudai kurudishiwa ardhi, na aliyenyamaza zaidi ya muda huo huweza kukuta mlango umefungwa.

Hitilafu ikizuka, itakuwa heri ikiishia kwa wazee. Ikishindikana, ziko ngazi zake: kijijini liko baraza la ardhi la kijiji, katani liko Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 halitoi tena hukumu za ardhi, na kazi yake imebaki kusuluhisha, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Mahakama Kuu, na mwisho Mahakama ya Rufani. Katika ngazi zote hizo atakayesikilizwa kwa wepesi ni yule mwenye jalada: makubaliano ya majirani, ramani iliyoidhinishwa, namba za mawe na risiti.

Basi, ndugu msomaji, usingoje mpaka barabara ifike au mgeni aje na fedha ndipo uanze kuulizana na jirani yako mpaka uko wapi. Waite majirani wiki hii, umchukue na mzee anayeujua mpaka wakati angali hai na macho yake yangali yanaona, mtembee, mkubaliane, muandikiane. Mpima ataikuta kazi nyepesi, na watoto wako watarithi ardhi pasipo kurithi kesi.